Jina la Tatu la Mama Mkwe

Kwa boma letu kuna jina moja ambalo mama mkwe wangu hajawahi kulitamka tangu aolewe. Ni jina la baba mkwe wake, babu wa mume wangu, mzee aliyezikwa zamani pale chini ambapo chai inakutana na mikaratusi. Sisi wengine tunalitaja kila siku, maana ndilo jina la familia. Limo kwenye vyeti vya watoto, limo kwenye kitambulisho changu, na limo, Mungu atusaidie, kwenye kitambulisho chake yeye mwenyewe, likiwa jina lake la tatu. Hapa sitaliandika. Ipo siku watoto watamsomea maneno haya, na mimi bado nataka kula kwa amani jikoni mwake.

Kwa miaka mingi jambo hili halikumsumbua mtu. Akienda hospitali ya Kaplong, kule alikotolewa mtoto wa jicho, nesi wa dirishani anamuuliza majina. Mama anasema mawili, kisha anamgeukia yeyote aliye karibu, awe mjukuu au mgonjwa mwenzake kwenye foleni, na kumwonyesha kitambulisho. Huyo anasoma la tatu, nesi anaandika, maisha yanaendelea. Manesi wa huku hata hawainui kichwa. Wale waliotoka upande wa ziwa huuliza mara ya kwanza, wakaelezwa, wakazoea. Heshima ya mama haikuwahi kumnyima dawa.

Taabu ilikuja na simu, na kwa mambo ya simu mimi ndiye fundi wa nyumba. Kikundi chetu cha akina mama kanisani kilinichagua niende Bomet kwa semina ya teknolojia kwa wote. Tulikula kuku, tukapewa mfuko wa kitambaa na kalamu, na bwana mmoja wa tai akatueleza kwa Kiingereza jinsi watu wa mashinani walivyoachwa nyuma. Watu wa mashinani tulikuwa tumeketi mbele yake tunamtazama. Hata hivyo nilirudi na moto. Niliwafundisha akina kogo, yaani bibi zetu wa kanisani, kutafuta kwa kidole kile kinundu kilicho kwenye kitufe cha tano, ndipo wajue namba zingine ziko wapi. Niliwakataza kumpa mtu yeyote namba ya siri, wakakubali wote, halafu wakaenda kumpa pasta aiombee.

Mama ndiye aliyekuwa mwanafunzi wangu hodari. Kabambe yake, ile simu ndogo ya vitufe, aliijua hata gizani. Ikimshinda, alisimama upande wa pili wa zizi akaniita, "Kuja uone hii kitu yako imefanya nini." Simu ikikosea ilikuwa yangu. Ikifanya vizuri ilikuwa yake.

Lakini hakuipenda kwa sababu ya semina yangu. Aliipenda kwa sababu ya mtoto wake wa pili. Huyo shemeji yangu sikuwahi kumwona. Aliondoka kabla sijaolewa, baada ya kugombana na baba yake. Alitaka kung'oa kipande cha chai apande nyasi ya ng'ombe, na baba akamwambia chai hiyo ilipandwa na babu yake kwa mkono, na anayetaka kuing'oa aanze kwa kuling'oa kaburi. Yakasemwa mengine mabaya zaidi. Kijana akachukua koti akaenda. Baba alipokufa hakuna aliyejua pa kumtafuta, tukazika bila yeye. Ndugu zake walisema asiyekuwepo na lake halipo. Mama tangu siku hiyo hakupenda methali hiyo itajwe kwake.

Halafu siku moja simu ililia, namba ngeni. Alikuwa yeye. Alikutana na mtu wa kwetu Boito huko Transmara anakochimba dhahabu, mtu huyo akampa namba ya mama, naye akaishika kwa kichwa. Simu yake mwenyewe hana. Leo anayo, kesho imeingia maji au imeibwa, kwa hivyo huazima, na kila akipiga namba ni nyingine. Ukirudisha simu, anashika mtu usiyemjua anakwambia huyo jamaa ameshaenda. Mara nyingi hupiga Jumapili, watu wakitoka kanisani. "Yako ndio iko kwa kichwa," alimwambia mama. "Zingine zote nimesahau." Mara ya mwisho alisema anafikiria kuja nyumbani, na atapiga kusema ni lini. Kuanzia hapo mama alilala na simu chini ya mto, akaenda nayo chooni, akaenda nayo kuchuna chai.

Na kwenye chai ndiko alikoipotezea. Asubuhi hiyo kulikuwa na manyunyu. Aliogopa isije ikalowa kiunoni, akaifunga kwa karatasi ya nailoni na kuiweka juu ya majani ndani ya kikapu, ili ikilia aisikie. Kufika kituo cha kupimia majani akakuta hadithi ya matanga fulani imenoga. Akiwa anasikiliza na kutikisa kichwa, akamimina kikapu ndani ya gunia kama anavyofanya siku zote. Gunia likapimwa, likapakiwa. Alipojipapasa kiunoni, lori lilikuwa limeshakata kona.

Alikuja mbio mpaka nyumbani. Nikapiga ile namba, ikalia. Yaani ilikuwa inalia huko ndani ya majani, inapelekwa kiwandani. Tulipiga mpaka ikazima. Mume wangu alilifuata lori kwa pikipiki, na wafanyakazi wa kiwanda, baada ya kumcheka kidogo, walimsaidia kutafuta kwa roho safi, lakini majani yalikuwa yameshamwagwa na kutandazwa pamoja na ya watu wengine. Alirudi jioni akasema kuna Mzungu atakunywa chai yenye laini ndani. Hakuna aliyecheka. Mama alikuwa ameketi kwa kile kigoda chake mlangoni, na aliuliza kitu kimoja tu.

"Akipiga sasa, itakuwaje?"

Nilimwambia asijali, laini hurudishwa, ni kazi ya dakika chache. Nilisema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa zamani.

Kesho yake tulienda duka la simu la kituoni kwetu. Anayelihudumia ni msichana ambaye wazazi wake walitoka upande wa ziwa kufanya kazi kiwandani. Yeye amezaliwa hapa, na Kipsigis chake, lugha yetu, kinawashinda watoto wangu. Alimpokea mama vizuri, akampa kiti. Kisha akaniambia sheria imebadilika. Wezi wamekuwa wakijifanya wenye laini, hasa za wazee, wanazichukua na kufagia kila kitu. Kwa hivyo sasa mwenye laini lazima aongee mwenyewe na watu wa kastama kea wa kampuni, ajibu maswali kwa sauti yake. Tena tusikawie, kwa sababu laini ikikaa bila mwenyewe, mwishowe hupewa mtu mwingine. Niliona ni sheria nzuri. Wazee wetu wameibiwa sana.

Msichana akapiga, akaweka simu mezani kwa spika. Kwanza ilishika ile sauti ya mashine ya mwanamke, inakaribisha watu. Mama akaisalimia, "Chamgei," akangoja ijibu. Mashine ikaendelea na mambo yake ya bonyeza moja, bonyeza mbili. "Huyu hajafunzwa adabu," mama akasema.

Hatimaye akaja mtu mwenyewe, kijana wa sauti laini. Aliuliza habari ya mama, akamwomba ataje majina yake yote matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho. Mama akasema la kwanza. Akasema la pili. Kisha akanigeukia mimi, akanisukumia kitambulisho, kama kule Kaplong.

Nikalisoma.

"Samahani," kijana akasema, "nimesikia sauti nyingine. Tafadhali mwenye laini ajibu mwenyewe. Mama, jina lako la tatu?"

"Ni la mzee," mama akasema.

"Mzee gani?"

"Mzee wa nyumbani."

"Anaitwa nani?"

Ulimi hauna mfupa, wanasema, lakini siku hiyo wa mama ulikuwa nao. Nilijaribu kumweleza kijana kwamba hii ni desturi, kwamba mwanamke wa heshima hataji jina la baba mkwe, kwamba mama anayo kadi mkononi na uso wake uko pale kwenye picha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Sauti yake haikubadilika hata kidogo, na hilo ndilo lililonipandisha hasira zaidi. Alisema anaelewa. Alisema ana mama pia. Alisema hana mahali pa kuandika desturi. Kisha akatutakia siku njema, simu ikakatika. Msichana wa duka alijaribu tena, tukapata kijana mwingine na maswali yaleyale, mpaka sistimu ikafunga na kusema tujaribu siku nyingine.

Njiani tukirudi, kwenye kile kijia cha katikati ya chai, nilikuwa nimefura. Nilimkasirikia yule kijana, nikaikasirikia semina na kuku wake, na mwisho nikamkasirikia mama.

"Mama, si useme tu mara moja," nikamwambia. "Mwenye jina amekufa kabla hata mimi sijazaliwa. Atakusikia wapi?"

Hakukasirika. Alitembea kidogo, akachuna chipukizi lililokuwa limeinama njiani, akalishika mkononi. Akaniambia kwamba siku ya arusi yake alisimama mlangoni kwa wakwe zake akakataa kuingia, kama bibi arusi alivyotakiwa kufanya, mpaka apewe kitu. Alikuwa mdogo, ametoka mbali, hana mtu anayemjua. Wengine walimwahidi kondoo. Yule mzee akatoka ndani, akamwangalia, akampa ng'ombe wa maziwa, yule aliyekuwa anampenda, na tangu siku hiyo hakuna mtu kwenye boma lile aliyethubutu kumwinulia mkono.

"Yeye alinipa hiyo ng'ombe," akasema. "Mimi nikampa hii." Akagusa mdomo wake. "Ukishapeana kitu, unarudi kuchukua?"

Nilimwuliza, na mtoto je? Hapo ndipo alipolia. Alilia huku anatembea, bila kusimama, anajipangusa kwa leso, na mimi nyuma yake. Kumbe nilikuwa nikidhani ni ukaidi wa mzee, kichwa ngumu tu. Alikuwa anajua vizuri sana anachagua nini na nini.

Jumapili ilifika, simu haikuwepo. Mama alitoka kanisani mapema, akakaa kwa kigoda chake na mikono mitupu.

Wiki hiyo nilimpeleka Kericho, kwa ofisi kubwa ya kampuni. Mlangoni walikuwa wamebandika picha ya mtu wa kiti cha magurudumu na maneno kwamba huduma ni kwa wote, na ndani kulikuwa na meza yake maalum. Niliiendea moja kwa moja. Aliyeketi hapo alikuwa mwanamume wa makamo, mtu wa kwetu kwa sura na kwa salamu. Alisimama kumsalimia mama.

"Ana shida gani?" akaniuliza. "Macho? Masikio?"

"Hawezi kutaja jina la baba mkwe wake," nikasema.

Nilitegemea acheke. Aliweka kalamu chini, akaangalia kitambulisho, akaangalia mama, akashusha pumzi. Alisema mama yake pia alikuwa hivyo, na kwamba tusingemkuta mtu wa kutuelewa zaidi yake, lakini kompyuta haijaolewa huku. Kisha akaigeuza ile kompyuta nione.

"Inanipa njia mbili tu," akasema. "Mtu anayesema, lazima aongee na kastama kea. Mtu asiyesema, yaani bubu, mimi namthibitisha hapa kwa uso na kitambulisho, inaisha. Njia ya tatu haiko."

Mama, ambaye tulidhani hafuati, akauliza bubu ni nani.

Tukamweleza. Sasa lazima mjue kwamba mama ndiye anayeanzisha nyimbo kanisani kwetu. Akiimba, watu wa ng'ambo ya mto wanajua ibada imeanza. Akimwita ng'ombe, na ng'ombe wa jirani wanakuja. Mtu kama huyo kuandikwa bubu ni matusi, na nilimwambia yule afisa hivyo, kwa sauti, mpaka watu wakageuka. Nilimwambia hiyo si kujumuisha watu, hiyo ni kuwakata mpaka watoshe kwenye sanduku. Nilimwambia kampuni iliyoweza kutuma sauti mpaka mwezini haikosi nafasi ya kuandika kwamba bibi mmoja ana heshima. Mambo ya mwezini sina hakika nayo, lakini nilikuwa nimeshaanza.

"Wacha kelele," mama akaniambia. Akamgeukia afisa. "Hiyo kitu inaandikwa wapi? Hata hospitali wataona? Kanisani?"

"Hapana, kogo. Ni ya simu peke yake."

"Na namba itakuwa ileile?"

"Ileile. Haibadiliki hata moja."

Mama akafikiri. Alikunja kona ya leso, akaikunjua.

"Andika," akasema. "Kwa hilo jina, mimi ni bubu tangu niolewe."

Afisa akaandika. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba atawaandikia wakubwa wake kuhusu hiyo njia ya tatu, na nadhani aliandika kweli, ingawa kufikia leo sijasikia kama walimjibu. Tulimnunulia mama kabambe nyingine, nyekundu, na kabla hatujatoka Kericho laini ilikuwa imeamka.

Kampuni tangu hapo inamchukulia mama kama bubu kwa uaminifu mkubwa. Haimpigii. Inamtumia ujumbe wa maandishi, ambao hawezi kuusoma, na kila ujumbe unaanza kwa kumwita kwa jina lile la tatu. Mimi nikimsomea ninaliruka. Anajua ninaliruka.

Jumapili ya kwanza haikulia. Jumapili iliyofuata tulikuwa jikoni kwake, mimi nachambua mboga, yeye anapuliza moto, ile kabambe nyekundu iko juu ya kigoda kama mgeni. Ikalia. Mama akaibonyeza kwa kidole chenye majivu, na kwa kuwa spika ilikuwa imewashwa tangu dukani na hajui kuizima, nikasikia yote.

Kwanza kelele za soko. Kisha sauti ya mwanamume, kavu kidogo.

"Ni mimi."

"Najua," mama akasema.

Hakumwuliza jina, wala yeye hakutaja. Nikasikia yule mtu anapumua vibaya, kama aliyekimbia. Alisema alipiga, akaambiwa mteja hapatikani. Akapiga tena na tena, siku tofauti, kwa simu za watu tofauti. Akajua mama ameenda, na kwamba amezikwa bila yeye, kama baba. Akaacha kazi akaanza kuja, angalau aonyeshwe mahali. Amefika Ndanai, na hapo kwa soko ameazima simu ya mama mmoja muuza vitunguu, akajaribu mara ya mwisho kwa sababu hakujua atamwuliza nani kaburi liko wapi.

"Niko hapa," mama akasema. "Ni simu ilienda kiwandani."

Hakuelewa, na hakuuliza. Alicheka, au alilia, sikuweza kutofautisha. Kisha sauti yake ikarudi nyuma, ikawa ya aibu. Akasema basi, maadamu mama yuko salama, hana haraka. Alikuwa anakuja kuzika, hakuwa anakuja kutembea. Viatu vyenyewe ni vya kuazima, mkononi hana chochote, na ndugu zake anawajua. Wacha arudi kwanza ajipange, atakuja vizuri siku nyingine.

Niliacha mboga. Mama aliinua simu karibu na mdomo, ingawa haikuwa lazima.

"Ulikuwa unakuja kwa kaburi yangu na mikono mitupu," akasema. "Kuja hivyo hivyo nikiwa hai. Usingoje nife ndio ukuje."

Nyuma yake mtu aliuliza bei ya vitunguu, akajibiwa.

"Sawa, mama," akasema. "Nakuja."

Mama akanipa simu, akasema nimwelekeze, maana barabara ya Boito imewekwa lami na vituo vimebadilika, asije akapitishwa. Nikasema halo. Akauliza anaongea na nani. Mdomo wangu, kwa mazoea ya hizo wiki, ulikuwa karibu kumpa majina matatu. Nikamwambia mimi ni wa hapa nyumbani, na akishuka atatukuta barabarani. Mama alikuwa ameshashusha kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, anakitikisa karibu na sikio asikie kama kimejaa.